Re: Kaka ameanza ARV, mbona anakohoa?

Salaam mkuu. Unauliza kwa nini kaka yako, aliyeanza ARV mwezi uliopita na anameza vizuri, anakohoa na kulowa jasho usiku. Huenda ni TB (kifua kikuu), kwa hiyo asisubiri kikohozi kifikishe wiki mbili. Kwa mwenye VVU, kikohozi hata cha siku moja, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, kimoja tu kinatosha: aende CTC (kliniki ya VVU) akatoe makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB.

Mimi si daktari, ni mhudumu wa ngazi ya jamii, na walioanza dawa juzijuzi ndio hunitia wasiwasi. Kinga ikianza kupanda, TB iliyojificha huibuka. Angalia CD4 (idadi ya seli za kinga) kwenye kadi yake. Chini ya 200 hatari ni kubwa. Muulize pia yanayoongeza hatari ya TB: nyumbani kuna aliyetibiwa TB? Amewahi kufanya kazi mgodini? (Vumbi la mawe huharibu mapafu hata ukishaacha kazi.) Pombe, sigara, kisukari?

Isoniazidi ya kinga (dawa ya kuzuia TB) asianze kabla ya kuhakikishwa kuwa hana TB. Makohozi yakitoka safi msiridhike, CD4 ikiwa chini majibu hudanganya; ombeni na eksirei ya kifua. ARV asiache.