Watoto 90, monitere 6: kambi ya Biblia ya vakansi itawezekana?

SWALI: Bwana asifiwe Mama. Mimi ni monitere wa ekodimu, yaani mwalimu wa shule ya Jumapili ya watoto, kwenye kanisa letu dogo huku Ndosho, Goma. Mwaka huu Pasteri ametukubalia kufanya kambi ya Biblia ya watoto vakansi hii, mwezi wa saba, siku tano. Tumeshatangaza, watoto 90 wamejiandikisha, tuko monitere 6, na sadaka ya kambi imefika dola 180. Tulikuwa na wazo la kuwapeleka walale siku mbili kando ya ziwa upande wa Sake, kuko mtu ana kiwanja atatupa bure. Tuanzie wapi, na masomo tuyagawe namna gani?

JIBU: Asifiwe sana mwanangu. Nimesoma swali lako mara mbili na mara zote jicho limekwama kwenye ile 6. Kila anayeniuliza juu ya kambi ananipa hesabu ya watoto, ananipa hesabu ya pesa, watu wakubwa wanakuja mwisho kama chumvi, na wao njo wanaamua yote.

Wachukue hao 6 uwapange. Mmoja anasimama mlangoni na listi, hatoki pale hata dakika moja. Mmoja yuko kwa uji na maji. Wamebaki 4. Mimi kwa miaka yangu ya primeri na ya ekodimu, watoto wa miaka 5 na 6 nahesabu 6 kwa mtu mkubwa mmoja, wa 7 hadi 12 naweza kufika 10, zaidi ya hapo hufundishi tena, unachunga mbuzi. Kwa hiyo nyinyi mna nguvu ya watoto 35, wakiwa watulivu sana 40, na mmeandika 90.

Sasa usiende kuwafukuza, mtoto akishaambiwa ameandikwa ameandikwa. Fanya hivi, gawa mara mbili, wiki ya kwanza wa miaka 5 hadi 8, wiki ya pili wa 9 hadi 12, na wale wa miaka 3 wanaobebwa na dada zao wabaki nyumbani, huo utakuwa ugomvi kidogo na wamama lakini simama. Halafu nenda kwa wamama wa kanisa uombe watatu, mmoja mlango, wawili jikoni, hapo monitere wote 6 wanabaki na watoto 45, ni 7 au 8 kila mtu, umepumua. Vijana wa miaka 15, 16 wachukue pia, kwa nyimbo na michezo wanatupita mbali, ila usiwahesabu kama watu wakubwa na usimwache kijana peke yake na grupu.

Kulala kando ya ziwa, hapana. Najua kiwanja ni cha bure. Upande ule wa kuelekea Sake kuko mazuku, na wewe umekulia hapa unajua neno, lakini wengi wanadhani ni hadithi ya wazee. Ni gazi inayotoka ardhini, gazi kaboniki, nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mashimo na mabonde madogo ya lava kama maji yanavyojaa kwenye beseni, haionekani, huwezi kuisikia kwa pua, na usiku upepo ukitulia njo inapanda. Mtu mkubwa amesimama anaweza kupita salama mahali mbuzi ameanguka. Sasa mtoto wa miaka 7, mfupi, tena amelala kwenye mkeka chini! Kabla ya kukanyaga kiwanja chochote cha huko hata mchana tu, uliza watu wa OVG, wale wanaochunguza volkano hapa Goma, na wenyeji wa pale. Na ziwa lenyewe sijaligusa bado, monitere 6 hawawezi kuangalia watoto kwenye maji, hata wangekuwa watoto 20 tu.

Kuko sababu nyingine ndogo inayonigusa mimi. Hilo neno kambi. Mwaka mmoja tulipita nyumba kwa nyumba kualika, msichana mmoja wa miaka kama 8, familia yao ilikimbia vita, akamwangalia mama yake akauliza, tutalala chini ya shitingi (turubai) tena? Tangu siku ile sitangazi kambi, natangaza vakansi na Biblia, basi. Hapa Goma neno hilo limebeba mengine, kambi za wakimbizi.

Kwa hiyo fanyeni ya mchana, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita, palepale kanisani. Utaniambia kanisa ni la mbao na ni dogo. Hii kazi yenyewe haikuanzia kwenye majumba. Mwaka 1898 huko New York mama mmoja wa kanisa la Kibatisti, Eliza Hawes, aliona watoto wamejaa barabarani vakansi, akakodi ukumbi wa baa, baa ya pombe kabisa, akafanyia humo shule ya Biblia. Nyinyi mna kanisa na kipande cha parseli. Fungeni shitingi moja kwa kivuli, grupu mbili ndani, nne nje. Kazi kubwa ni chini, mnajua mawe yetu haya ya lava yanakata kama wembe, siku mbili kabla vijana wapite na majembe na ndoo za mchanga mahali watoto watacheza, na michezo ya kukimbizana ipunguzwe. Goti likikatika ni maji safi mengi na sabuni, halafu kitambaa safi, usikubali mtu alete majivu wala dawa ya meno.

Maji sasa. Hapa njo ekodimu nyingi zinaanguka, wananunua biki na krayon za rangi halafu siku ya kwanza saa nne bidoni zimekauka. Watoto 45 na wakubwa kama 12, weka ya kunywa litre 35, ya kunawa mikono litre 50 maana wananawa mara mbili (wakitoka choo na mbele ya uji), uji wenyewe 15, kuosha vikombe 20. Ni litre 120, yaani bidoni 6 za litre 20. Wewe weka 8. Ongea na mtu wa chukudu (ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili) leo leo, umpe na advansi kidogo, asikuambie asubuhi kwamba gurudumu limevunjika. Ya kunywa ichemshwe jana yake jioni ipoe usiku kwenye bidoni iliyofungwa na iliyoandikwa KUNYWA kwa rangi, maana kipindupindu hapa kwetu hakiendi vakansi na maji ya ziwa hayanywewi hivi hivi. Kila mtoto aje na kikombe chake kimeandikwa jina.

Uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi), kilo 2 za unga na kilo 1 ya sukari kwa siku zinatosha hao watu. Ukiweka karanga waulize wazazi kwanza. Pesa zako 180 zitafika kama hutashona triko (fulana) za kuandikwa. Ninarudia, hakuna triko.

Fishi ya kuandikwa isiwe jina na umri tu. Weka namba mbili za simu za watu wawili tofauti, nani anakuja kumchukua, na mstari wa ugonjwa ambao utamuuliza mama mdomo kwa mdomo, pembeni, maana kwenye karatasi ataandika "hapana": kifafa, asma, na SS (ugonjwa wa damu wa seli mundu). Huyu wa SS anywe maji kila mara hata hajasikia kiu, asikae jua kali wala asiloane, akisema mifupa inauma mpigie mzazi palepale, usingoje mwisho wa wimbo. Kwa kuchukua watoto, kata vipande vya karto, andika namba mara mbili, nusu kwa mzazi nusu kwenye shati la mtoto na pini, hakuna nusu hakuna mtoto hata kama ni mjomba anayejulikana. Wengi huku wanakuja wenyewe na kaka yao, sawa, basi kaka njo ana nusu na ameandikwa. Na sheria moja bila kujadili, hata kwa Pasteri mwenyewe: mtu mkubwa habaki na mtoto mmoja ndani ya mlango uliofungwa, choo wanaenda wawili wawili na mama mmoja amesimama nje.

Masomo. Usichukue hadithi tano, chukua moja uikate tano. Yusufu anakatika vizuri: Mwanzo 37, halafu 39, 40, 41, na siku ya mwisho 42 hadi 45 kwa kuruka. Sura ya 39 kwa wadogo unasema mke wa bwana wake alimsingizia uongo, inatosha. Kusimulia dakika 10 kwa wadogo, 15 kwa wakubwa, kwa mdomo, Biblia iko wazi mkononi lakini macho kwa watoto.

Lakini unakata wapi? Mimi nilifundishwa ukate mahali pa moto ili kesho warudi. Basi mwaka wangu wa kwanza siku ya kwanza nikamwacha Yusufu shimoni, nikafunga Biblia, nikasema tutaona kesho. Walipiga kelele, nikafurahi nikaona najua kazi. Asubuhi yake mama mmoja amenisubiri mlangoni mbele hata ya maji kufika, mtoto wake hajalala, usiku kucha anauliza nani atamtoa. Mtoto huyo kaka yake alichukuliwa njiani na hajarudi. Kwa watoto wa Goma, hasa baada ya vita ya Januari 2025, usimwache Yusufu shimoni usiku. Mtoe, mfikishe Misri, mpe mahali pa kulala kwa Potifa, ukate hapo. Watarudi tu kesho yake, kuko uji.

Na siku ya tano jiandae kwa maswali. Kuna kijana wa miaka 10 alinisikiliza vizuri sana sehemu ya msamaha, wanakumbatiana, wanalia, akanyoosha mkono: "Na zile feza 20 walizomuuzia, walimrudishia?" Sikuwa na jibu. Nyinyi mlitafute mapema.