Magunia 30 yaliyouzwa yanarudije kwenye hesabu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Uyole, Mbeya. Nimemtengenezea tajiri mmoja programu ya stoo ya viazi kwa Python, SQLAlchemy (maktaba inayounganisha Python na kanzidata) na PostgreSQL (kanzidata yenyewe). Kompyuta ya getini na ya ofisini zinatumia kanzidata moja. Juzi asubuhi kulikuwa na magunia 400. Getini wakauza 30, ofisini wakauza 50. Programu inasema yamebaki 350, stooni tunahesabu 320. Nimeongeza hatua ya kusoma mzigo upya kabla ya kuuza, lakini wapi! Tajiri anaamini karani kaiba.

Jibu: Marahaba. Kwanza mwambie tajiri asimfukuze mtu. Yale 30 yameuzwa. Ni programu iliyoyarudisha kwenye maandishi.

Karani wa ofisini alipofungua mzigo, programu ilichukua nakala yenye 400 ikaiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake. Wakati anavutana bei na mteja, getini wakaandika 370. Nakala ya ofisini haikupata habari hiyo. Ikatoa 50 kwenye 400 yake, ikaiagiza kanzidata: andika 350. Kanzidata hutii, haiulizi hiyo 350 imetoka wapi.

Sasa kuhusu kusoma upya, hapo wengi huumia, na mimi nilishapoteza usiku mzima. Washa `echo=True`, SQLAlchemy ikuonyeshe amri inazotuma, uone: SELECT, yaani amri ya kusoma, inakwenda kweli, na kanzidata inajibu 370. Lakini ndani ya `Session` moja (kikao cha programu na kanzidata), SQLAlchemy hutunza obijekti moja tu, yaani nakala moja, kwa kila ufunguo mkuu (namba inayotambulisha rekodi). Ikiwa mzigo namba 7 tayari inao, inakurudishia nakala ileile ya zamani na 400 yake, jibu jipya inaliweka kando. Inafanya hivyo makusudi, isije ikafuta mabadiliko ambayo hujayahifadhi. Ukitaka namba mpya, sema wazi: `session.refresh(mzigo)`. Ukifanya `commit()` (kuhifadhi rasmi) pia, kwa kawaida nakala zote huhesabiwa zimechacha na husomwa upya zikiguswa. (Anayetumia kanzidata ya MySQL aangalie: kwa mpangilio wake wa kawaida, ndani ya muamala uleule, yaani kundi la amri zinazohifadhiwa pamoja, hata `refresh` itamletea picha ya zamani.)

Hata hivyo `refresh` peke yake sikushauri. Kati ya kusoma na kuandika bado kuna upenyo, na siku ya mnada wa malori mawili mtu atapita humo. Usifanye hesabu kwenye kumbukumbu kabisa, iachie kanzidata:

`mzigo.gunia = Mzigo.gunia - 50`

Angalia herufi kubwa ya upande wa kulia. Hiyo ni kolamu yenyewe, si nakala yako. Kinachotumwa ni "punguza 50 kwenye kilichopo", kwa hiyo 370 inakuwa 320, na nani katangulia si hoja tena. Kwenye jedwali ongeza sharti la CHECK kwamba gunia isishuke chini ya 0, ili mauzo yanayozidi stoo yakataliwe hapohapo.

Kwa bei na jina la mkulima, ambavyo havijumlishwi wala kutolewa, weka kolamu ya toleo (namba inayobadilika kila rekodi ikibadilishwa) kupitia `version_id_col`. Mwenye nakala iliyochacha akijaribu kuhifadhi atapata kosa la `StaleDataError`. Mwonyeshe karani ujumbe wa Kiswahili, asome upya, arudie.

Ile 350 haitajirekebisha yenyewe. Linganisheni stakabadhi za getini na za ofisini tajiri akiwepo, kisha mwandike 320. Na mhesabu gunia kwa gunia, maana lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kipimo) mkizihesabu kwa kilo mtaanza ugomvi mwingine.