Mkengeuko sanifu baada ya kuongezewa alama 5

Mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani) haubadiliki. Darasa zima likiongezewa alama 5, wastani unapanda 5, mediani (alama ya katikati zikipangwa kwa mfuatano) nayo 5, lakini mkengeuko sanifu unabaki pale pale. Chukua 40, 50, 60: zikiwa 45, 55, 65, zile za pembeni bado ziko 10 kutoka kwa wastani. Ndiyo sababu ule wastani wa kudhania (namba unayokisia kuwa wastani ili kurahisisha hesabu) tunaofundisha kidato cha nne hapa Kisumu hufanya kazi: ukipunguza namba ile ile kwenye kila alama, mtawanyiko hautikisiki. Kuzidisha ni habari nyingine. Mara 2 hufanya mkengeuko kuwa maradufu (variansi, yaani mkengeuko sanifu kipeo cha pili, huwa mara 4, na hapo wengi huteleza). Ila kama alama haziwezi kupita 100, aliyekuwa na 98 anapata 2 tu, na wastani haupandi 5 kamili.