Ndiyo, nililipwa nikiwa kitandani

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesikia kwamba walimu wa huku China tulikula mshahara mzima tukiwa tumelala nyumbani wakati wa korona, kwamba hiyo ndiyo kazi ya kutafuta, na kwamba nisikubanie mchongo. Shangazi naye akakazia: "Kaka yako alikaa tu na hela ikaingia." Nilikasirika, sifichi. Halafu nikakumbuka kuwa maneno hayo yalianzia kwangu. Desemba 2022 niliwatumia picha nimevaa shati la kola, kompyuta mbele yangu, nikaandika, "Mambo shwari, nafundishia chumbani." Siku ile nilikuwa na homa ya 39.4. Chini ya meza nilivaa suruali mbili na blanketi nimejifunga kiunoni.

Basi acha nikueleze kitanda chenyewe kilikuwaje.

Habari za kufungiwa ndani na kupimwa koo kila baada ya siku mbili mlizisikia mpaka mkachoka, sizirudii. Anzia Desemba 7, siku serikali ilipolegeza masharti na kuruhusu mwenye dalili nyepesi ajiuguze kwake. Mimi niko Zhengzhou, mkoa wa Henan. Haikupita wiki mbili mji ukanyamaza tena, safari hii bila amri ya mtu. Watu walikuwa wamelala na homa. Januari, afisa wa afya wa mkoa alitangaza kwamba kufikia tarehe 6 asilimia 89 ya wakazi walikuwa wameshaambukizwa, watu wapatao milioni 88.5. Mkoa mmoja huo, mdogo wangu.

Kwa Kichina, neno la kusema mtu amekutwa na virusi hutamkwa "yang", sawasawa na neno la kondoo. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kipindi wanafunzi walikuwa wananiandikia, "Mwalimu, leo nimekuwa kondoo." Darasa langu la hisabati lina watoto 38. Jumatatu ya tarehe 12 kondoo walikuwa wanne. Ijumaa walishavuka nusu ya darasa, na bado ratiba ilikuwa ileile, vipindi vyote kwenye skrini, kwa sababu mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa mlangoni. Jumapili usiku mistari miwili ikatokea kwenye kipimo changu.

Dawa hazikuwapo. Kwa muda mrefu, ukitaka kununua dawa ya homa ilibidi uandikishe jina, na kuna vipindi hazikuuzwa kabisa, ili mgonjwa asijifiche. Kwa hiyo nyumba nyingi hazikuwa na akiba, na wimbi lilipokuja maduka ya dawa yakafagiliwa kwa siku chache. Bibi mmoja wa ghorofa ya juu, ambaye hatujawahi kusemezana zaidi ya salamu, alitundika mfuko kwenye kitasa changu: vidonge vinne vya ibuprofeni, vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake na kuzungushiwa tishu. Vinne. Sijui alibaki na vingapi. Namwombea mpaka leo.

Utaniuliza, kwa nini usiombe ruhusa? Mkataba wangu unataka barua ya hospitali. Kliniki za homa za mkoa huu zilifikia kilele cha wagonjwa tarehe 19, siku ileile niliyoihitaji barua hiyo. Mtu mwenye homa ya 39 asimame foleni barazani saa nzima baada ya saa nzima, ili apate karatasi ya kusema ana homa! Bila barua nakatwa yuan 300 kwa siku. Na hela haikuwa ndiyo iliyonitisha zaidi. Kibali changu cha ukaazi kimefungwa kwa mwajiri, na mkataba ulikuwa unaisha Februari. Ukikosana nao, hata shule nyingine ikikutaka, unahitaji wa zamani wakupe barua ya kukuachia. Nikawasha kamera. Isitoshe, Januari ilikuwa zamu ya ada yako. Sisemi hivyo ili unishukuru. Umeuliza mshahara wa kulala, ndiyo maana nakwambia ulikokwenda.

Lakini homa ilipita. Lisilopita ni hili.

Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa kijijini kwa babu yake. Kila akifungua kipaza sauti kujibu swali, kikohozi cha mzee kilijaa masikioni mwetu sote, kikavu, kinavuta pumzi mwishoni kama mlango usiokaa vizuri. Kichwa kilikuwa kinanipasuka. Nikamwambia, kwa adabu kabisa, "Zima kipaza sauti, andika tu jibu." Akazima. Siku mbili akawa anaandika majibu, yote sahihi. Siku ya tatu jina lake halikuonekana.

Februari shule zilipofunguliwa aliingia darasani na kitambaa cheusi kimebanwa kwenye mkono wa koti. Huku ni alama ya msiba. Hakusema kitu. Aliweka mezani kwangu daftari lenye kazi zote za siku alizokosa, akarudi kukaa. Januari 14 serikali ilikuwa imetangaza vifo 59,938 kati ya Desemba 8 na Januari 12, lakini hesabu hiyo ni ya waliofia hospitalini. Babu yule alifia kitandani kwake. Mwishoni mwa Novemba, kati ya wazee waliovuka miaka 80 nchi nzima, takriban asilimia 40 tu ndio walikuwa wamepata chanjo ya nyongeza, kisha milango ikafunguliwa kwa siku moja. Sera zina wakubwa wake. Ile sauti niliizima mimi.

Sasa, ushauri uliotaka. Usije. Una kazi, una watu wa kukugongea mlango ukikaa kimya siku mbili. Na kama moyo umeshaondoka, basi njoo, lakini njoo ukiwa na viza ya kazi mkononi. Usikubali kuja kwa viza ya matembezi eti karatasi zitanyooshwa ukifika; mwajiri anayekwambia hivyo hutamwona siku askari wakibisha hodi. Soma kifungu cha ugonjwa kabla ya kifungu cha mshahara. Funga paracetamol za kutosha, na ujifunze kusema "nina homa" kwa Kichina kabla hujajifunza kuomba bei ipunguzwe.

Usitume hela nyumbani miezi mitatu ya kwanza. Najua utatuma. Mimi nilituma mwezi wa kwanza, na ningekuwa na moyo wa kumkatalia mama wakati ule, nisingekuwa mimi. Lakini chagua mtu mmoja huko nyumbani ambaye hutamdanganya hata kidogo, umwambie homa ni ngapi na mfukoni kuna nini. Mimi sikuwa naye, ndiyo maana mmeishi miaka na picha ya shati la kola.

Kazi yenyewe ya kufundisha naipenda. Hilo usiliruke. Binti yule sasa ananiandikia kutoka chuo kikuu, anasoma takwimu.

Vyeti vyako anza kuvithibitisha wiki hii, inachukua miezi. Ukishaamua, nitakuulizia shule mbili ninazozifahamu. Barua hii msomee shangazi yote. Mama msomee pia, ila pale penye 39.4 paruke.