Usirudishe funguo za chumba kwa ajili ya "Mediterraneo"

Usiandike hiyo barua ya kuacha kazi. Mleta mada anauliza kama ni busara kuhama Bologna, Italia, akatafute kazi ya mgahawa Kastellorizo, kisiwa kilekile cha Ugiriki ilikopigwa filamu ya "Mediterraneo". Mimi nilihama, na baada ya siku 19 nilikuwa nimerudi.

Filamu haina kosa. Gabriele Salvatores aliitoa mwaka 1991, ikatunukiwa Oscar mwaka uliofuata, na inasema waziwazi kwamba ni ya wote wanaotoroka. Wanajeshi wa Italia wanaachwa kisiwani mwaka 1941, redio yao inavunjika, na vita vinapowafikia tena, mmoja wao, Farina, anajificha ndani ya pipa la zeituni ili asirudishwe kwao. Nilipoliona pipa lile nilijiambia kwamba langu nalo lipo mahali fulani linanisubiri. Nilichosahau ni kwamba Farina hakuulizwa na mtu kibali cha kazi.

Mimi niliulizwa. Mzalendo mwenzetu mmoja, anayejiita mtaalamu wa vibali na aliyenitoza yuro 200 kwa ushauri wa dakika kumi, aliniapia kwamba Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ni nchi moja, na kwamba kibali cha Italia kinafanya kazi kila mahali. Nikaacha kazi ya ghalani, nikarudisha funguo za chumba, nikapanda meli kutoka Rhodes nikiwa na begi moja na kiburi kisichoenea hata kwenye makontena mawili. Mwenye mgahawa bandarini aliigeuza kadi yangu, akaweka kidole juu ya maneno "perm. unico lavoro", yaani kibali cha Italia cha ukaazi na kazi, akaniambia kwa upole kwamba Italia ilikwisha kuviachia visiwa hivi mwaka 1947. Kisha akaninunulia kahawa. Kahawa hiyo ndiyo mshahara pekee nilioupata Ugiriki.

Kibali cha Italia kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 katika kila siku 180. Kufanya kazi huko hakikuruhusu. Hata kile cha ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, kinachoombwa baada ya kukaa kihalali miaka 5, kinakufungulia tu mlango wa kuomba kibali cha nchi ya pili, na unaweza kukataliwa. Yule mtaalamu alijua au hakujua, sijali. Nilipompigia simu kutoka bandarini aliniambia mtandao unakatika, ilhali nilikuwa namsikia akitafuna.

Niliporudi chumba kilikuwa na mpangaji mwingine, ghalani nafasi yangu ilikuwa imejazwa, na nililala miezi minne kwenye kochi la shemeji yangu, ambaye kila Jumamosi alikuwa akiniuliza kama pipa limefika. Mnaotaka kucheka, jueni kwamba amekwisha kucheka kwa niaba yenu nyote.

Kwa hiyo funguo zibaki mfukoni mpaka kibali cha Ugiriki, chenye jina lako, kiwe mkononi. Ukitaka kukiona kisiwa, omba likizo ya wiki mbili, nenda mwezi Novemba, na ununue tiketi ya kurudi kabla hujaondoka.