Mawaridi yangu yanaungua kila upepo wa kusi ukianza, nijenge ukuta?

Swali: Niko Malindi, nyumba iko kama mita mia tu kutoka baharini. Nimepanda ukoka na mawaridi kufuata picha moja niloiona kwa simu, kila jioni namwagilia lakini kusi ikishika tu majani yanaungua upande mmoja. Fundi anasema niinue ukuta.

Jibu: Dada, ukuta ngoja kwanza. Chuma jani moja lililoungua uliguse kwa ulimi, ukionja chumvi basi kosa si la jua kali, ni yale marasharasha ya mawimbi yanaletwa na kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba huko. Na ukuta mzima upepo huupanda kisha unajipindua na kushuka kwa nguvu nyuma yake, yaani palepale ulipoweka mawaridi. Unataka kitu cha kuupunguza upepo, sio kuuziba. Panda mivinje mistari miwili upande wa kusi, mbele yake mikadi, miti ikikua utulivu wake unafika hata mara kumi ya urefu wake.

Mvinje naupenda sana mimi. Pale Bamburi, Mombasa, mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu aina 26 za miti kwenye machimbo ya simiti, mwamba mtupu, zikapona tatu na mvinje ukiwemo, manake mizizi yake inaishi na bakteria wanaoipa naitrojeni, halafu jongoo wakala yale majani makavu ndo udongo ukaanza kupatikana. Kwa hivyo majani ya mvinje usichome moto, yaache hapohapo. Ukoka chini yake hautashika, basi pitisha njia ya mchanga.

Ukoka wenyewe upunguze ubaki kipande cha kukalia tu. Kama maji ni ya kisima cha hapo uani, ukizidi kuyavuta, chumvi ya bahari nayo inasogea.

Sasa raha yenyewe. Mimi bustani ya pwani naichora siku ya upepo mkali, nakaa barazani nafunga macho nisikie unapoingilia. Hapo katikati, kati ya mivinje na baraza, weka asumini na mrehani. Asumini hufunguka jioni, kwa hivyo magharibi mkishakaa kusi ileile inayokutesa itawaletea harufu kama ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, na hiyo kwa picha hutaiona. Mivinje anza nayo masika hii, asumini ingojee mpaka miti ikupite kimo, na mawaridi yahamishie nyuma ya nyumba.