Waulize Wataalamu: Mfupa wa pengwini si kipimajoto

SWALI: Nilisikia redioni kwamba mifupa ya kale ya ndege wa baharini inaonyesha vipindi ambavyo bahari ilipoa au kupata joto. Je, ukikuta mfupa wa pengwini ndani ya mwamba, tuseme palikuwa na baridi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Hapana, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 2007 ilitangazwa pengwini wa kale kutoka Peru, Icadyptes, mwenye kimo cha kama mita 1.5. Aliishi kama miaka milioni 36 iliyopita, kwenye latitudo ya nyuzi 14 hivi kusini mwa ikweta, na dunia ilikuwa na joto kuliko leo. Barafu kuu ya Antaktika ilikuja kutanda baadaye, takriban miaka milioni 34 iliyopita. Anayemchukulia pengwini kama alama ya baridi atakosea kabisa hapo.

Swali la kwanza liwe hili: ndege huyu alikuwa akizaa hapa, au alipita tu? Ndege wa baharini hutanga maelfu ya kilomita, na mzoga wake huelea na kupelekwa na maji. Kiota hakiendi popote. Kwa hiyo tunatafuta maganda ya mayai na mifupa ya makinda. Mfupa wa kinda haujakomaa, ncha zake zina vitundu vidogovidogo na hukwaruza kidoleni, wakati wa ndege mzima ni laini. Tabaka moja likitoa mifupa ya rika zote na mayai, hapo palikuwa pa kuzalia.

Mfano mzuri kuliko yote uko Bermuda, visiwa vya Atlantiki Kaskazini. Watafiti Storrs Olson na Paul Hearty walieleza mwaka 2003 mabaki ya albatrosi wa mkia mfupi, ndege mkubwa wa baharini, wazima kwa makinda pamoja na mayai, ya kama miaka 400,000 iliyopita. Leo ndege huyo huzaa Pasifiki Kaskazini, hasa kisiwa cha Torishima nchini Japani, na hakuna albatrosi yeyote mwenye makazi ya kuzalia Atlantiki Kaskazini. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba barafu iliyeyuka katika kipindi kile cha joto, bahari ikapanda kwa kama mita 20 kwa makadirio yao, na viota vikafunikwa. Angalieni mfupa ulivyosaidia: haukutaja nyuzi za joto, umetaja mahali ambapo maji yalifika.

Antaktika nako, kwenye pwani ya Bahari ya Ross, kuna makazi ya pengwini wa Adélie yaliyohamwa zamani, yenye changarawe za viota, manyoya, mifupa na maganda ya mayai. Pengwini hawa hawawezi kulea pale ambapo barafu ya bahari inawafungia njia ya kwenda kula. Makazi mengi zaidi ni ya kati ya miaka 4,000 na 2,000 iliyopita, ishara kwamba wakati huo barafu ya bahari iliachia pwani ile.

SWALI: Wataalamu, salaam. Umri wa mabaki hayo unapimwaje, na kwa nini vipimo hugongana? Pia nionyeshe nini darasani?
Mwalimu wa sekondari, Sakina, Arusha

JIBU: Salaam mwalimu. Kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua polepole baada ya kiumbe kufa, hufika kama miaka 50,000 tu. Zaidi ya hapo tunategemea umri wa tabaka lenyewe. Na kwa viumbe wa baharini kuna mtego. Maji ya kina kirefu yamekaa muda mrefu mbali na hewa, kaboni yake ni ya zamani, na samaki wanaoila huliwa na ndege. Kwa hiyo mfupa wa pengwini wa Antaktika aliyekufa jana unaweza kuonekana wa miaka zaidi ya elfu moja. Lazima sahihisho lifanywe, na kila bahari ina lake. Ukiona tarehe mbili zinapingana, uliza kwanza kama zote zimesahihishwa.

Kosa jingine ni kuosha mfupa mpaka ung'ae. Ndege hutunza joto la mwili, hivyo oksijeni iliyo ndani ya mfupa wake haisomi joto la bahari moja kwa moja. Inayosoma ni tope lililogandamana na mfupa. Ndani yake mna foraminifera, viumbe wadogo wenye magamba ya chokaa. Maji yakipoa, magamba hayo huwa na oksijeni 18, aina nzito ya oksijeni, kwa wingi zaidi. Barafu ikikua nchi kavu, hivyohivyo. Sababu mbili, matokeo mamoja, ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Basi weka tope kiganja kimoja kwenye mfuko, uandike namba ileile ya mfupa.

Darasani chukua mfupa wa juu wa bawa la kuku. Chemsha, ondoa nyama, kausha siku mbili, ukate katikati kwa msumeno wa chuma. Wanafunzi watauona ukuta mwembamba na uwazi ndani. Mfupa wa pengwini ni mzito, ukuta wake mnene, maana anazamia. Ndiyo sababu pengwini wanapatikana zaidi kwenye mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, kuliko ndege wengi wa mabawa mepesi. Rekodi yetu ya mabaki imeelemea upande huo, na wanafunzi walijue mapema.

SWALI: Huku kwetu kuna kitu kama hicho?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Cha bahari hakipo, ila Olduvai kuna mabaki ya heroe, ndege wa maji ya magadi, na yanaeleza ziwa kwa namna ileile. Ukikuta mfupa, usiuchimbe; sheria ya mambo ya kale inataka kibali. Weka rula kando, piga picha, hifadhi namba za GPS za simu, kisha peleka taarifa Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale Boma.